Kadi ya Juu Si Lazima Iwe ya Kwanza

Syombua, Mama Mumo kwa majirani, ana saiba ndogo ya kompyuta na mtandao wa kulipia Kiganjo, Thika. Asubuhi hiyo vijana walijaa mlangoni. Mjukuu wake Nzisa alikuwa kati yao. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo.

"Shosho, mtandao hakuna!" Nzisa akamwambia nyanya yake.

Mtandao wa saiba hupitia kompyuta moja kubwa. Jana yake, baada ya kufunga, fundi Simeon wa Ruiru aliiongezea kadi mpya ya mtandao, ziwe mbili. Moja ipokee mtandao kutoka nje, nyingine iugawe ndani kwa wateja.

Syombua akampigia simu.

"Mathe, hiyo mashine imekufa. Nunua ingine."

"Imekufa? Jana ilikuwa hai, ukaishika wewe! Basi njoo uizike!"

Simeon akaja. Idah, jirani anayefundisha kompyuta, alisikia kelele, akaingia.

"Simeon, ulijuaje kadi ya nje ni ipi?"

"Kompyuta inaziita eth0 na eth1. Ya juu ni ya kwanza, basi ni eth0. Nikaiweka ya nje."

"Ngai! Umefanya kama kupatia mtoto jina. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, hakuna kuuliza. Kompyuta haijui mila yetu. Ukiongeza kadi, majina yanaweza kuhama."

"Na mimi ninunue mashine kwa sababu hukuuliza!" Syombua akafoka. "Kitendawili!"

"Tega," Simeon akajibu kwa sauti ndogo.

"Mapacha wangu wamefanana. Nitajuaje nani ni nani?"

Syombua akakitegua mwenyewe:

"Finya mmoja, uone nani atalia!"

Idah akacheka. "Mama Mumo amemaliza. Chomoa waya unaotoka nje."

Simeon akauchomoa. Kwenye skrini, eth1 ikaonyesha haina waya.

"Ya nje ni eth1," Idah akasema. "Rudisha waya. Kwenye mipangilio, eth1 iwe ya nje, eth0 ya ndani. Halafu kila kadi ina namba yake, kama kitambulisho. Funga jina kwa hiyo namba, lisihame tena."

Simeon akafanya hivyo, akabandika karatasi kwenye kila waya: NJE, NDANI. Mtandao ukarudi.

"Shosho, maombi yameenda!" Nzisa akaruka.

Simeon akachukua mkoba wake. Syombua akasimama mlangoni.

"Hutoki. Waambie hawa watoto wa watu kwa nini wamesimama hapa tangu asubuhi."

Simeon akawageukia. "Sikuangalia," akasema. "Nilikisia."