Sebule ya Pili

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Sindano akaipokea bila kusema haloo.

"Sebule haina mgeni," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya Mkuu wake wa kazi, na mtu huyo hapigi simu kwa porojo. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: faili ulilotuma halijafika.

"Nimelituma asubuhi," akasema Sindano. "Kompyuta imeniambia tayari."

"Basi ama kompyuta inakudanganya wewe, ama wewe unanidanganya mimi. Chagua."

"Ngoja nitazame."

"Tazama haraka. Karani anatoka saa saba."

Simu ikafa.

Karani alikuwa kijana aliyeandika mizigo katika ghala la Kofia. Na Kofia alikuwa mgeni mwenye pasi tatu za kusafiria, mfanyabiashara wa dawa bandia za watoto: chokaa iliyotiwa sukari, ikafungwa vizuri, ikaandikwa dawa ya homa. Kwa miezi mingi Karani ndiye aliyekuwa jicho la serikali mle ndani. Leo alikuwa anatolewa. Faili lilikuwa na jina na picha yake, mavazi, mlango atakaotokea na saa. Likiangukia mkono mwingine, Karani hatafika nyumbani kwao.

Sindano akaweka bastola yake ya Beretta juu ya kitanda, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

Nyumba ile ilikuwa ya kazi, ila ukiitazama kwa nje ni nyumba kama nyingine. Geti la kijani, kamba ya nguo uani, baiskeli ya mtoto imelala chali. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa, kila moja ikiitwa kwa jina la chumba ilimo: Chumbani, Jikoni, Sebule. Ndio utaratibu wa kikosi chao cha upelelezi. Namba husahaulika, jina halisahauliki.

Sebule ilikuwa na folda moja ya siri. Ukiwa humo nyumbani unaweza kutia faili ndani yake, lakini kutoa huwezi, kama sanduku la posta. Mwenye ufunguo ni Mkuu peke yake, na huifungulia mbali huko aliko.

Yeye alitia. Mkuu hakukuta kitu.

Sasa faili liko wapi?

Sindano akaanza na mambo madogo, kama mtu anayetafuta sindano ya kushonea: kwanza karibu, halafu mbali. Taa za rauta zote zinawaka. Waya umekaa vizuri. Akaenda sebuleni, akainama mbele ya ile kompyuta kubwa nyeusi, akaangalia jinsi ilivyowekwa.

Akakunja uso.

Mtu alikuwa ameiambia Sebule kwamba imo katika mtandao wa watu wote. Kompyuta ikiambiwa hivyo hufanya kama mwanamke aliyelala hoteli asiyoijua: hujifungia. Ukiita jina lake, kimya. Ukibisha, kimya.

Lakini asubuhi aliita Sebule, na Sebule ikaitika.

Akanyoosha mkono ukutani, akachomoa waya wa umeme. Kompyuta ikazimika kabisa. Akarudi chumbani mbiombio, akaandika amri ya kubisha hodi, akaandika na jina: SEBULE.

Kioo kikajibu.

Nipo.

Akabisha tena.

Nipo.

Mashine imezimwa, na bado inaitika.

Ukisimama katikati ya soko ukaita "mama", wanageuka wanawake wote. Atakayekufikia kwanza ndiye utakayempa mzigo, hata kama si wako. Kompyuta nazo ni hivyohivyo. Humu ndani kuna nyingine iliyojipa jina la Sebule, na ile halisi imefungwa mdomo isijibu.

Akapiga simu.

"Mkuu. Kuna Sebule ya pili."

"Iko wapi?"

"Naitafuta."

Akaiacha kompyuta ya chumbani ikibisha bila kupumzika, akaigeuza ili aione kutoka ukumbini ilipo rauta. Akachomoa waya wa kwanza. Nipo. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Nipo. Wa tatu ulikuwa mweupe, umepita nyuma ya kabati.

Akauchomoa.

Majibu yakakatika.

Akasukuma kabati kwa bega. Waya ule uliingia ukutani katika tundu lililozibwa kwa saruji mpya, laini, kazi ya mtu asiyependa uchafu. Ng'ambo ya ukuta ule ni stoo ya gari.

Stoo ya Shemeji.

Sindano akautoa mkono kwenye kabati.

Shemeji alikuwa mume wa marehemu dada yake. Dada alipofariki, watoto wawili wakabaki, na Sindano ndiye aliyemwombea Shemeji kazi ya udereva kikosini ili wasitawanyike, wakaishi wote katika nyumba hii. Alimdhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Shemeji ndiye aliyefunga mtandao huu, akatoboa kuta, akavuta nyaya huku akipiga mluzi. Hakuna aliyekagua. Nani anakagua kazi ya shemeji yake?

Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli. Sindano hakupewa jina lake bure. Akachomeka pini ya nywele, akazungusha, kufuli likaachia.

Matairi. Jeki. Ndoo ya oili chafu. Chini ya turubai, laptopu ndogo ya HP, moto kidogo ukiigusa, ikinguruma taratibu kama paka.

Folda ilikuwa humo. Faili la Karani lilikuwa humo, halijafunguliwa. Shemeji alikuwa ameenda kutia mafuta. Yaonekana siku zote hufungua, husoma, halafu hulipeleka mwenyewe kwa njia yake ya siri kwenye Sebule halisi, na Mkuu hulikuta kama kawaida. Leo Mkuu aliangalia mapema.

Chini yake kulikuwa na faili jingine, la mwaka jana.

Fundi.

Huyo alikuwa fundi wa mafriji aliyewaingiza watu wa kikosi katika ghala la kwanza la Kofia. Walimkuta mferejini. Siku ya mazishi Sindano aliishiwa nguvu, na Shemeji akamshika mkono, akamwambia, "Jikaze, Shem. Kazi hii ina siku kama hizi." Kisha akachukua koleo akafukia kaburi mpaka mwisho.

Sindano hakulia. Alipiga magoti kwenye vumbi la stoo, akafungua faili la Karani, akafuta picha. Akafuta jina. Mlango akauacha: mlango wa takataka, nyuma. Saa akaiacha: saa saba. Mavazi akayaacha: ovaroli ya buluu, na mle ghalani kila mtu huvaa ya buluu. Akalihifadhi upya, kama kwamba ndiyo kwanza limefika. Akafunika turubai, akafunga kufuli, akarudisha waya mweupe na kabati, akaiwasha Sebule halisi.

"Mkuu," akasema kwenye simu. "Karani atoke mbele, na wenzake, wakati wa chakula. Umwambie kwa mdomo. Nyuma weka watu wako, wengi."

"Na aliyetuuza?"

"Nikimjua kwa hakika nitakuambia."

"Humjui?"

"Subiri kwenye Sebule. Faili likifika, unipigie, na ujue mimi sikulituma."

Honi ikalia getini.

Shemeji akaingia na Prado, akashuka akijifuta shingo kwa leso. Mtu mnene, mchangamfu, shati limebana tumboni.

"Shem, mbona vumbi magotini? Umeanza kusugua sakafu?"

"Mtandao umekorofisha. Nimetambaa chini ya meza mpaka nimechoka."

"Ungeniita. Hizo nyaya zangu zinanijua mimi. Ukizigusa wewe zinanuna."

"Ningekuita wapi, na wewe umeenda kutia mafuta ukalala huko huko?"

"Foleni, Shem. Mimi nimelala wapi." Akacheka. "Haya, niangalie upepo wa tairi, halafu tuondoke."

Akaliingiza gari stoo.

Sindano akasimama uani karibu na kamba ya nguo. Akashika sketi ya shule ya yule mtoto mdogo wa dada yake, akaona kama imekauka. Ilikuwa imekauka. Akaikunja. Akashika soksi. Moyoni alikuwa anaomba jambo moja tu: simu isilie. Kwamba labda mtu mwingine ana ufunguo wa stoo. Labda.

Simu ikalia.

"Limefika," akasema Mkuu. "Sasa hivi."

Sindano akaziweka soksi juu ya sketi.

"Basi ndiye," akasema.

Shemeji akatoka akipangusa mikono. "Tairi la nyuma lilikuwa legelege. Twende?"

"Twende ghalani."

Sindano akakaa kiti cha nyuma, nyuma ya dereva, mkoba wenye Beretta mapajani.

"Leo umenifanya teksi?"

"Mgongo unauma. Nataka kujinyoosha."

Wakaegesha kwenye barabara ya karakana, ghala likionekana upande. Jua kali. Mafundi walikuwa wanagonga bodi la basi, kelele moja mpaka mwisho wa mtaa. Shemeji alikuwa anapigapiga usukani kwa vidole na kuangalia saa.

Nissan mbili nyeusi zikapita taratibu, zikakunja kuelekea nyuma ya ghala. Katika ya pili alikuwamo Kofia mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kutoka ofisini mchana alitaka kumwona msaliti wake kwa macho yake.

Kengele ya chakula ikalia. Wafanyakazi wakamiminika mlango wa mbele, kundi la buluu, wakisukumana na kutaniana.

Redio ikakwaruza.

"Sindano."

"Nasikia."

"Mzigo umetoka mbele. Mzima."

Vidole vya Shemeji vikasimama. "Mbele? Si anatoka nyuma?"

Sindano akasogea mbele kidogo.

"Nani kakuambia nyuma?" akauliza Sindano.

Shemeji akaangalia kioo cha juu. Akayaona macho ya Sindano. Mikono yake hakuiona.

Kule nyuma ya ghala zikasikika risasi, chache, kavu. Kisha kipaza sauti cha polisi. Kisha kimya, na wale mafundi wakarudi kugonga bodi la basi.

"Nyuma tumemaliza," redio ikasema. "Kofia tunaye. Watu wetu wote wazima."

"Mikono juu ya usukani, Shemeji."

Akaiweka.

"Sikiliza, Shem—"

"Fundi."

"Waliniambia watamhamisha tu. Watamtisha ahame mji. Haki ya Mungu."

"Halafu ukafukia kaburi."

"Ningefanyaje? Nilishaingia. Ukishawapa moja wanataka la pili." Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka kwenye shati. "Wewe ungenisikiliza? Unanitazama kama mzigo ulioachiwa na dada yako. Shemeji lete gari, Shemeji vuta waya. Wale waliniita bwana."

Sindano akaifikiria kauli hiyo. Akatafuta ndani yake kitu cha kumhurumia, akatafuta kwa bidii, maana mtu huyu alimlaza dada yake mikononi mpaka pumzi ya mwisho.

"Mimi nilikuita ndugu," akasema.

Polisi wawili walikuwa wamefika dirishani. Wakafungua mlango, wakamteremsha polepole, wakamtia pingu. Hakuleta fujo. Alipokuwa anapita karibu na dirisha la nyuma akainama.

"Watoto utawaambia nini?"

"Kweli. Si leo, lakini ni kweli."

"Watanichukia."

"Hilo watachagua wenyewe."

Sindano akairudisha bastola kwenye mkoba, akashuka, akafunga mlango wa Prado bila kuubamiza. Askari mmoja, kijana mwenye kalamu sikioni, akamfuata.

"Afisa, samahani. Huyu bwana mnafahamiana?"

Sindano alikuwa anavaa miwani ya jua.

"Ameoa kwetu," akasema.

Akavuka barabara, akipita katikati ya kundi la watu wa ovaroli za buluu waliokaa kivulini wakila, akashika njia ya shule. Watoto walikuwa wanatoka saa nane, na leo hakukuwa na mwingine wa kuwachukua.