Filimbi ya Babu na Simbilisi Mnono

Kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Zoila, mama yake Tamia, akishapakua viazi, mahindi ya kuchemsha na mboga za majani, hugeuka kuchochea moto. Hapo ndipo baba yake Zoila, Mzee Segundo, huziteremsha mboga zake zote chini ya meza. Bolita, simbilisi wa Tamia, alikuwa anazisubiri, mnono hadi tumbo linafagia sakafu.

“Simbilisi anakula mboga, mimi nakula simbilisi,” babu alimnong'oneza mjukuu wake. “Si zitanifikia tu?”

“Huyu humli, babu,” Tamia alijibu, akicheka. Tamia hakumwambia mama yake kitu. Bolita alikuwa anaandaliwa mashindano ya mifugo ya sikukuu ya Juni, na kwa mboga zile nani angemshinda?

Lakini sikukuu ilipokaribia, babu, mpiga filimbi wa kijiji kizima, alianza kuishiwa pumzi. Ulimi ulikuwa mwekundu, unawaka. “Mwaka huu watafute mwingine,” alisema, akaitundika filimbi ukutani. Tamia aliumia moyo.

Kwenye zahanati, Daktari Carmela alisoma majibu ya vipimo. “Mzee, umepungukiwa foleti, vitamini iliyomo kwenye mboga za majani. Ndiyo maana unachoka na ulimi unauma. Tena foleti ikikosekana, kitu kiitwacho homosisteini kinarundikana kwenye damu. Kikizidi, si dalili njema kwa moyo na mishipa.”

“Haiwezekani, daktari,” alisema mama. “Mboga nampakulia mwenyewe, na sahani inarudi tupu.”

“Basi huenda tumbo halinyonyi chakula vizuri. Itabidi alazwe mjini achunguzwe. Sikukuu itampita.”

Babu alitazama dari. Tamia akamfikiria Bolita na mashindano, kisha akamgeukia daktari.

“Mboga anakula Bolita,” alisema. “Simbilisi wangu. Babu humpa chini ya meza. Nilijua, nikanyamaza ili anenepe.”

“Msaliti mkubwa wewe,” babu alisema, lakini macho yalikuwa yanacheka.

Daktari naye alicheka hadi akavua miwani. Kisha akampa babu vidonge, na mama akahamia kiti cha mbele yake mezani.

Sikukuu ilipofika, Bolita hakuambulia zawadi yoyote. Babu alitangulia mbele ya wacheza ngoma, filimbi mkononi. Daktari Carmela aliwakuta uwanjani.

“Tamia, ungenyamaza siku ile, ningetafuta ugonjwa mahali usipokuwepo,” alisema. “Mganga hutibu vizuri akiambiwa ukweli. Na wewe mzee, mboga humfaa anayezila.”

“Nimesikia, mwanangu,” babu alijibu, akavuta pumzi ndefu, akapuliza.