Waya wa Jengo la Pili

Rafiki yangu, fundi wa mitandao, alitumwa chumba cha chini cha ofisi kutega kengele kwenye swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta, ilie data ikizidi kiwango. Umeme ulikuwa umekatika. Swichi ilinguruma gizani kwa betri.

Kengele ikalia papo hapo. Data ilikuwa ikiingia kwa waya wa kutoka jengo la pili, lililoporomoka na mdogo wake ndani. Waokoaji walishakata tamaa.

Akampigia mke wa mdogo wake. “Shemeji, kuna mtu anatumia kompyuta kule chini ya kifusi.”

“Usinipe matumaini, shemeji. Nimelia vya kutosha.”

Akaufuata waya kwa tochi hadi ukutani. Ulikuwa umekatika, ncha inaning’inia. Akarudi, akauchomoa kwenye swichi.

Kengele haikunyamaza. Kwenye tundu tupu, taa iliendelea kuwakawaka.