Oili ya Jumapili ya Kwanza

Tangu Darryl afariki mwezi wa Juni, kazi ya kuzungukia maji ilikuwa ya mkewe, Noelene Pascoe. Kila asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama. Alitia mkate wa nyama ya kondoo mfukoni, akapanda pikipiki ya marehemu. Mbwa wa marehemu, mzee Smoky, aliruka akakaa kwenye kibao nyuma yake.

Shamba lao la kondoo liko nyikani, magharibi ya mji mdogo wa Cunnamulla, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi kumi na minne. Wakati kama huo kondoo hufia matopeni. Lambo likikauka, pembeni hubaki tope zito. Kondoo dhaifu anaingia kutafuta maji, anazama hadi tumboni, hawezi kujitoa. Ukimfikia siku hiyo hiyo, unamvuta kwa kamba, anaishi. Ukichelewa siku moja, kunguru wameshamtoboa macho.

Pikapu hupita kwenye njia ya uzio tu. Kwenye malambo yenyewe, katikati ya mchanga na makorongo, hufika pikipiki peke yake. Bila pikipiki hawana kondoo. Bila kondoo hawana sababu ya kubaki pale.

Noelene hakuwa mzembe. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alimwaga oili ya pikipiki na kutia mpya. Hakukosa hata mwezi mmoja. Darryl hakuwa ameacha maandishi yoyote. Yeye alisikiliza injini tu, akajua inataka nini.

Katikati ya Novemba binti yao Tegan, wa miaka kumi na tisa, alimwambia mama yake kwamba injini inagonga. Noelene alijibu kuwa ni vumbi. Kesho yake Tegan alisema tena. Pikipiki ilikuwa ngumu kuwaka na ilinuka kuungua.

"Oili ni Jumapili ya kwanza," Noelene alisema. "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane, Mama. Lakini injini haina kalenda."

"Na wewe huna kazi. Kaangalie pampu."

Siku ya tatu injini ilinoki. Noelene alikuwa akielekea lambo la mbali, kilomita kumi na nne kutoka nyumbani. Kulitokea mlio wa chuma kusaga chuma, gurudumu la nyuma likakamata, naye akaanguka mchangani. Hakuvunjika. Alijaribu kuipiga pikipiki teke iwake, lakini kiki haikushuka hata kidogo.

Simu haikushika mtandao. Maji yalikuwa lita mbili. Noelene alijua sheria ya huko: ukiharibikiwa, kaa na chombo chako, utafutwe. Alikaa kivulini mpaka saa sita mchana, akinywa kidogo na kummiminia mbwa kwenye kofia. Joto lilipita digrii arobaini na tatu. Smoky alianza kuhema vibaya, ulimi umegeuka rangi. Birika la kunyweshea kondoo lilikuwa kilomita tatu mbele, kwenye njia ya uzio. Noelene akavunja sheria. Alichora mshale mkubwa mchangani, akaanza kutembea.

Kilomita ya mwisho alimbeba mbwa mabegani kama anavyobebwa mwanakondoo. Alipofika alimshusha ndani ya birika, akamshika kichwa juu ya maji. Smoky hakunywa. Alikuwa ameshakufa, na Noelene hakujua alikufa wapi njiani.

Tegan alimkuta hapo saa kumi jioni, amekaa chini, mbwa amelala juu ya miguu yake.

Hawakuweza kufika lambo siku ile. Asubuhi Noelene alikwenda kwa pikipiki aliyoazima kwa jirani, Colleen Hadgraft. Kondoo majike kumi na mmoja walikuwa topeni. Saba walikuwa wamekufa. Wanne walikuwa wakipumua, lakini kunguru walishafika. Aliwamaliza kwa bunduki, mmoja mmoja, akarudi nyumbani.

Colleen alikuja mchana na sanduku lake la spana. Alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, aliyefanya kazi miaka mingi kutengeneza magreda ya barabara. Pikipiki ilikuwa imeshakokotwa hadi nyumbani, naye akamwaga oili yake kwenye beseni. Ilitoka nyeusi, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na ilimetameta kwa unga wa chuma. Kisha akafungua injini. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mzima.

Aliuliza oili ilibadilishwa lini. Noelene akamwambia, Jumapili ya kwanza, bila kukosa.

"Sikuulizi Jumapili," Colleen alisema. "Nauliza saa. Injini hii imezunguka saa ngapi tangu hapo?"

Noelene hakujua. Colleen akamuuliza pampu ya kisima inapata oili lini. Hilo Noelene alilijibu upesi: kila saa mia mbili na hamsini. Pampu ina mita ya saa, na yeye huandika namba yake kwenye daftari kila Jumatatu.

"Kwa hiyo pampu iliyokaa kivulini unaihesabia saa. Na hii unayoikimbiza juani unaihesabia Jumapili."

Colleen akampa Noelene kitabu cha maelekezo ya pikipiki, akamwambia asome mwenyewe. Kitabu kilisema oili na filta yake vibadilishwe kila saa kumi na tano. Tegan akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi. Kwa siku injini ilifanya kazi kama muda wa saa sita. Kutoka Jumapili ya kwanza hadi siku iliyonoki, ilikuwa imepita saa mia moja. Mwezi uliotangulia hali ilikuwa mbaya zaidi.

"Na oili yenyewe haifiki hata lita moja," Colleen aliongeza. "Pampu ina lita sita. Kidogo kinachoka haraka."

Tegan aliuliza kwa nini wasihesabu kilomita, kama gari. Colleen alimweleza kwamba kilomita zingewadanganya. Nyuma ya kondoo pikipiki hutambaa kwa gia ndogo. Magurudumu yanazunguka polepole, lakini injini inakimbia na inachemka. Kuna siku unatembea kilomita ishirini, na injini imekula saa sita nzima.

"Darryl hakuwa na mita," Noelene alisema.

"Darryl alikuwa na sikio. Sikio tumelizika naye, Noelene."

Tegan alimtazama Colleen kwa hasira. Lakini Noelene alitikisa kichwa kukubali.

Pistoni mpya na silinda vilifika baada ya siku tisa. Colleen alileta pia mita ya saa, ndogo kama kiberiti, yenye betri yake ndani. Waliifunga karibu na usukani, mbali na ekzosi. Waya wake mwembamba waliuzungusha mara nne kwenye waya wa plagi, wakaubana usiguse mahali pa moto. Injini ikiwaka, mita inahesabu. Injini ikizima, mita inasimama. Ilianza na sifuri.

Colleen aliwapa maagizo akiwa ananawa mikono. Injini iliyotoka kutengenezwa wamwage oili mapema, ikishafanya kazi kwa muda wa saa moja tu. Baada ya hapo, kila saa kumi na tano. Kila saa thelathini wapime nafasi ya vali, yaani uwazi mdogo unaoziwezesha kufunga sawasawa. Kila pikipiki ina kitabu chake, kwa hiyo wasimpe mtu mwingine namba hizi, wamwambie asome za kwake. Filta ya hewa haingoji mita. Kwenye vumbi lile ioshwe kila jioni.

"Na ukiona imebaki saa mbili, na mzunguko ni saa sita, usiondoke," alimwambia Noelene. "Badilisha kwanza. Namba haitakusubiri huko porini."

Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga waya. Siku ya tatu mita ilisoma kumi na tatu asubuhi ya joto kali. Noelene alikuwa ameshavaa kofia. Alisema atabadilisha akirudi. Tegan alichomoa ufunguo wa pikipiki, akachukua na kamba ya kuvutia kondoo, akavikalia vyote viwili, akamwambia mama yake apige kelele apendavyo. Noelene alipiga kelele kidogo, kisha akaleta beseni. Waliwasha injini dakika tatu ili oili ipate moto na itoke yote. Kazi nzima ilichukua nusu saa.

Walipofika saa ya thelathini, Colleen aliwasimamia kupima vali. Moja ilikuwa imebana. Waliirekebisha juu ya meza ya karakana, kivulini, chai ikiwa pembeni.

Mwisho wa Februari mita ilisoma mia tano na arobaini. Mvua ilikuwa bado. Lakini pikipiki iliwaka kila asubuhi, na Noelene na Tegan walikuwa wamevuta kondoo hamsini na wawili kutoka topeni, wakiwa hai. Sasa walipokezana, siku hii mama, siku hii binti.

Siku hiyo Colleen alipita kuwaona. Alikuta Noelene amekaa na daftari, hafanyi chochote. Alimuuliza kama kuna tatizo la injini. Noelene alisema hakuna. Alimwonyesha namba za kila siku. Sita na robo. Tano na nusu. Sita. Sita na nusu.

"Kila alasiri Darryl akirudi nilimwambia anazurura," alisema. "Nilimwambia analala chini ya miti huko, anatukimbia. Miaka saba."

Colleen alizisoma namba zile.

"Hakuna mahali pa kulala humu," Noelene alisema. Aliweka kidole juu ya namba. "Mzunguko wenyewe ni saa sita. Ni kazi tupu, mwanzo mpaka mwisho."

Colleen alichukua beseni, akalisukuma chini ya injini, na Noelene akainama kulegeza nati wakati oili ingali ya moto.