Barua za Balozi kwa Marehemu Mkewe

Tamar alikuwa jirani yetu pale Bungulu, mjini Beni. Mjane asiye na mtoto, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Jumatatu moja pasta Éphraïm alimletea sanduku la bati lililoachwa na mmisionari Mwamerika zamani sana. Lilijaa karatasi za babu wa mmisionari huyo; babu alikuwa askari, kisha balozi, katika karne ya kumi na tisa.

"Mama Tamar, utupangie tu hizi barua na tarehe yazo," pasta alisema. "Batu ba Butembo banazitaka kwa bibliothèque yabo, kwa maktaba."

Asubuhi iliyofuata Tamar alizitandaza mezani. Vyeti vya jeshi, mialiko ya wafalme, kisha barua arobaini kwa mke wa balozi. Ya kwanza ilisema mke alikuwa amezikwa juzi yake. Zote zilizofuata ziliandikwa kwa marehemu.

"Leo nimekula peke yangu tena," balozi aliandika. "Niambie kama unanisikia."

Tamar aliyasoma maneno hayo mara tatu. Tangu mume wake auawe kwenye njia ya Oicha, miaka mitano ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza kama amekula. Alichukua kalamu ya risasi, akaandika pembeni kwa Kiingereza: "Nakusikia. Mimi pia niko peke yangu."

Jumatano mchana alirudi mezani. Chini ya maneno yake palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa balozi. Aliugusa. Wino ukamshika kidole.

"Unakaa wapi?"

Alifunga sanduku. Alikaa kitandani, akatega sikio. Hakuna sauti. Hakuna mtu. Ukimya uleule wa miaka mitano.

Akainuka. Akafungua. Akajibu.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, jirani yake Kavira alikuja kuomba chumvi. Alifika uani, akasimama.

"Mama Tamar, uko na mugeni?"

"Mugeni gani?"

Kavira alionyesha matope. Alama za mabuti, pana, zenye visigino vya misumari, zilitoka barabarani mpaka mlangoni. Za kuingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

Tamar aliziangalia bila kushtuka. Akaweka kidole mdomoni.

"Hapana pandisha sauti," alinong'ona. "Eko analala."

Akafunga mlango. Komeo likalia kwa ndani.

Kavira alikimbia kumwita pasta. Walipiga hodi, kisha wakavunja mlango. Nyumba ilikuwa tupu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Godoro lilikuwa limebonyea mahali pawili, sambamba.

Pasta aliweka mkono pa kwanza, kisha pa pili. Pote palikuwa na joto.