Mswaki wa Dirishani

Mswaki ulikuwa umelowa.

Saa nane mchana, jikoni hakuna mtu, na mswaki laini wa kitoto, uliotumika kusafishia vito tu, ulikuwa ukidondosha maji ndani ya glasi yake dirishani. Mshonaji aliugusa kwa ncha ya kidole. Maji yalikuwa vuguvugu. Akaunusa, na harufu ya yai viza ikampanda puani mpaka machozi yakamlenga.

Kwa siku kumi na moja hakuna aliyeugusa mswaki ule. Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeutumia mwisho, na alichokifanya siku ile hakumwambia mtu.

Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa nyumba ile, na mikono yake ilisifiwa mtaa mzima. Ndiyo maana mama mkwe, vidole vilipoanza kumtetemeka, alimkabidhi yeye kisanduku cha vito, akamfundisha kimoja kimoja. Dhahabu ni maji vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki. Fedha iliyopauka ni bakuli lililotandikwa karatasi ya foili, magadi na maji ya moto, na usishangae ikinuka kama yai viza.

"Lakini lulu," mama mkwe alisema, akikiinua kidani cha lulu thelathini alichoachiwa na marehemu mama yake, "lulu ni kitambaa chenye unyevu tu, mwanangu. Haizamishwi, haichemshwi. Wala usiifungie muda mrefu. Inataka joto la shingo."

Kwa hiyo kila Ijumaa jioni kidani kilivaliwa kwa saa moja na binti wa mwisho, wifi yake Mshonaji, ambaye nyumba nzima ilimwita Kijiko kwa wembamba wake. Ndicho ambacho angekivaa siku ya harusi yake.

Siku ile Mshonaji alikuwa na haraka, gauni la bibi harusi likimngoja kwenye cherehani. Alizoa bangili za fedha kwa mkupuo mmoja, akazitumbukiza bakulini, na kidani kilichojikunja katikati ya bangili kikaenda nazo. Hakuangalia. Alimimina maji ya moto, akaenda kukunja pindo. Aliporudi, lulu zilikuwa zimepauka kama macho ya samaki aliyepikwa.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake alichukua rangi ya kucha, ile nyangavu isiyo na rangi yoyote, akapaka lulu moja moja, akazipuliza zikauka, akakirudisha kidani kisandukuni.

Ilidumu mpaka Ijumaa. Kijiko alipokivaa, rangi ilibanduka shingoni mwake kama ganda la kitunguu. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili.

"Nani kafanya hivi?"

Mshonaji alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, tulivu kabisa: "Huenda ni manukato, mama. Wifi hujipulizia mengi shingoni."

Kijiko hakubisha. Alipiga magoti. "Basi ni mimi, mama. Sikujua. Nisamehe." Kisha akamgeukia Mshonaji. "Na wewe wifi yangu, unavyohangaika kuvisafisha, nisamehe."

"Yamekwisha," alisema Mshonaji, na aibu ikamshuka mwilini kama maji yale ya moto.

Sasa ilikuwa Jumatano, harusi ni Jumamosi, na mswaki ulikuwa umelowa.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye cherehani aliposikia sauti. Shi, shi, shi. Alisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza, sauti haikunyamaza. Ilitoka chumbani kwa Kijiko. Alisukuma mlango taratibu, na harufu ya yai viza ikampiga usoni, na pale kitandani, mchana kweupe, pazia likiwa wazi na jua limejaa chumba, Kijiko alikuwa amelala chali, mikono imetulia kifuani, na mdomo wake wa juu umevutwa, umeinuliwa na kitu kisichoonekana, kama mtu anavyoinua ukingo wa kitambaa atazame doa, na povu jembamba lilikuwa likienda na kurudi juu ya meno yake, likienda na kurudi, shi, shi, shi, bila mkono, bila mswaki, kwa utulivu wa mtu anayeipenda kazi yake.

Mshonaji akadondosha mkasi. Sauti ikakoma. Mdomo ukaanguka mahali pake, na Kijiko akafumbua macho.

"Wifi, funga mlango," alinong'ona. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

Kijiko akafungua kinywa. Meno manne ya mbele yalikuwa yamekufa mng'ao, meupe ya chokaa.

"Tangu Jumapili. Nikilala tu, naamka na ladha ya magadi. Usimwambie mama." Alijaribu kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Na mchumba wangu alinipendea kicheko. Mengine angependa nini, nilivyo kama mpini wa ufagio? Lakini sawa tu. Mwenye kosa ni mimi."

Mshonaji akaokota mkasi wake. Akatoka.

Jioni hiyo hiyo alikiiba kidani, akakipeleka kwa sonara wa mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye kikohozi aliyesemekana anavijua vito pamoja na wakazi wake. Sonara aliweka lenzi jichoni, akazungusha lulu.

"Nani kazipika hizi?"

"Ni manukato."

"Manukato huharibu upande unaogusa ngozi. Hizi zimeiva pande zote." Akaendelea kuzungusha, kisha vidole vikasita. "Ila nne zimerudi. Tazama."

Mshonaji akatazama. Lulu nne ziling'aa kwa mwanga laini wa maziwa, kana kwamba hazijawahi kuguswa na maji.

Sonara akakiweka kidani mezani na kusogeza kiti nyuma. "Mna mkaaji humu. Mmemharibia nyumba, naye anairudishia mng'ao wake. Kuna mtu kwenu meno yanampauka?"

"Wifi yangu. Lakini hana kosa."

"Huyu ana masikio, dada, macho hana. Alisikia jina gani?"

Kikohozi kilimshika sonara, kikamwachia.

"Mfukuze basi," alisema Mshonaji kwa sauti ndogo. "Nitakulipa chochote."

"Nimfukuze aende wapi? Hapa ndipo kwao. Unaweza kumsahihisha tu. Kwa sauti, mbele ya waliokuwepo. Ila ujue anachokifuata ni jina. Akipewa jipya, atalifuata."

Usiku kucha Mshonaji alipitisha ulimi kwenye meno yake, laini, mazima, thelathini na mawili. 

Ijumaa jioni mama mkwe alikaa kitandani, Kijiko amesimama kando, leso mdomoni. Kidani kilikuwa mezani kati yao.

"Nilikizamisha mimi," alisema Mshonaji. "Pamoja na bangili, kwenye magadi. Nikapaka rangi ya kucha. Kisha nikamtaja wifi, nikijua. Aliponiomba radhi, nilikuwa najua."

Mama mkwe alifumba macho. Kijiko ndiye aliyesema, polepole, kama anayepima kitambaa: "Nilikupigia magoti, wifi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia yamekwisha."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Ndipo harufu ilipohama. Aliisikia ikitoka upande wa Kijiko, ikapita juu ya meza, ikazunguka nyuma ya shingo yake, ikatulia karibu kabisa na midomo yake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuanza kazi.

Jumamosi, Kijiko alivaa kidani. Meno yake manne hayakurudi, lakini alicheka hivyo hivyo, kinywa wazi, na bwana harusi akacheka naye. Mpiga picha akazipanga familia mbili kwenye ngazi.

"Wifi wa bibi harusi, wewe hapo pembeni. Tabasamu basi, mbona umebana mdomo kama umemeza sindano?"

Watu wakacheka. Mshonaji akazidi kuibana midomo. Shingoni mwa Kijiko, lulu ya sita ilikuwa imeanza kung'aa, na ndani ya kinywa cha Mshonaji kilichofungwa, pale pale mbele ya kamera, povu lilikuwa likienda na kurudi, shi, shi, shi.