Viatu vya Mtu Asiyetembea

Mimi ni fundi viatu. Sura ya mteja naweza kuisahau. Soli yake, abadan!

Jioni ile mama alinipigia simu. "Mwanangu, mletee mdogo wako viatu vyake alivyokuachia uvishone. Uvilete mwenyewe, usimtume mtu."

Nikashangaa. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa miezi sita. Viatu vya nini? Lakini mama ni mama. Nikavifunga kwenye gazeti, nikashika njia.

Mvua ilikuwa imekatika, njia tope tupu. Kila nikienda kidogo, simu inaita.

"Umefika wapi?"

"Nimempita kinyozi, mama."

"Na sasa umefika wapi?"

Kha! Mtu mzima nafuatiliwa kama kifurushi! Nikacheka peke yangu.

Ndipo nikasikia... kwap. Kwap. Nyuma yangu, kama mtu anayechota tope kwa kijiko. Harufu ya udongo mbichi ikanijaa puani.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Nyayo zangu pia hazikuwepo.

Kila nilipokanyaga palikuwa na shimo, limekatwa kufuata soli yangu, kisigino hadi kidole. Nikataka kukimbia. Mguu wa kushoto ukagoma. Wa kulia nao ukagoma. Nikaanguka... nikajikokota kwa viwiko hadi mlangoni kwa mama.

Aliyefungua alikuwa mdogo wangu.

Amesimama!

Akapokea viatu vyake, akavivaa, hakunitazama. Mama ndiye aliyenivua vyangu, taratibu, kama nilipokuwa mtoto. Kucha zake zilijaa tope.

"Wewe mvumilivu, utaweza," akaninong'oneza. "Yeye asingeweza. Na miguu yako nitakurudishia. Tumngoje tu mwingine anayekupenda, kama wewe ulivyompenda huyu."

Ni nani aliyekuwa nyuma yangu, hataki kusema hadi leo. Lakini mama yangu mzazi! Aliyenifundisha kutembea! Moyo unaniuma mpaka sasa. Miguu haina habari.

Leo jioni mvua imekatika tena. Nimekaa kibandani kwangu, simu ikaita. Binti yangu, ametoka kazini.

"Baba, niko njiani nakuja kwako. Nilipita kwa bibi, kanipa viatu vyako nikuletee. Na anavyonisumbua kwa simu! Uko wapi, uko wapi..."

"Vitupe! Mwanangu, vitupe hapo hapo!"

"Baba nawe! Viatu vizima hivi?" Akacheka. "Ngoja... kuna mtu nyuma yangu."

Chini ya meza, kidole changu cha mguu kikacheza.